Wanaume trans na upasuaji: kabla hujauliza bei, uliza habari za mkojo

#1 NesiWaZamu

Wakuu, habari zenu. Tangu nichangie kwenye ule uzi wa homoni, inboksi yangu haipumui, na swali ni lile lile: "Nesi, aliyezaliwa wa kike akitaka operesheni awe mwanamume kamili inakuwaje, na ni shilingi ngapi?" Kujibu mmoja mmoja nimechoka, nawajibu wote hapa. Mimi mzaliwa wa Tanga, nesi, niko wodi ya upasuaji wa kurekebisha maumbile huku Cape Town. Sishiki kisu. Mimi ndiye ninayempokea mgonjwa akitolewa chumba cha upasuaji na kukesha naye, kwa hiyo mtanivumilia nikiongea zaidi mambo ya mirija na bendeji.

Niseme mapema kwamba hakuna operesheni moja ya "kubadili jinsia", ile ya kuingia asubuhi hivi na kutoka jioni vile. Zipo kadhaa, kila moja na kazi yake, na hakuna anayelazimika kufanya zote. Wengi hufanya kifua wakatosheka. Wengine kifua na kizazi. Wanaofika mpaka sehemu za siri ni wachache, na wala si suala la hela peke yake. Kuna waliokaa wakapiga hesabu ya faida na usumbufu, wakaona wanaishi vizuri tu walivyo.

Kifua ndicho kinachoombwa zaidi, na ndicho chenye matokeo yanayotabirika zaidi. Njia kubwa ni mbili. Mwenye matiti madogo na ngozi ambayo bado inajikaza anapasuliwa kuzunguka duara jeusi la chuchu, nyama za ndani zinatolewa, anashonwa, kovu linajificha palepale. Mwenye matiti ya wastani au makubwa anachanwa mistari miwili ya ulalo, mmoja chini ya kila titi. Nyama na ngozi iliyozidi vinaondolewa. Chuchu nazo zinatolewa kabisa, zinapunguzwa ukubwa, halafu zinapandikizwa juu kidogo na pembeni, pale chuchu za mwanamume zinapokaa. Kama umebana kifua kwa fulana kali miaka na miaka, ngozi imeshalegea, usishangae daktari akikupeleka kwenye njia ya pili hata kama kifua si kikubwa.

Operesheni ni ya saa mbili tatu, wengi wanalala usiku mmoja au wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Utatoka na mirija miwili ya plastiki ubavuni, kila mmoja una kikopo chake cha kukusanya damu na maji, na unafundishwa kuvimwaga na kuandika ujazo. Kikopo kikijaa ghafla damu nzito na upande mmoja wa kifua ukavimba, usisubiri kuche. Hiyo ni damu inavujia ndani na unarudishwa mezani.

Halafu kuna siku ya kufungua bendeji. Hii nawaambia kwa sababu kila mgonjwa anashtuka. Chuchu iliyopandikizwa inakuwa nyeusi tii, kavu, imejikunja kama gamba, na mtu anaangua kilio akidhani imeoza. Mara nyingi haijaoza. Gamba linabanduka taratibu na chini yake kuna ngozi mpya ya pinki. Kwa sisi weusi rangi inarudi polepole, tena kwa madoadoa, na wengine mwishoe wanachorwa tatuu kuiweka sawa. Hisia za chuchu ndizo usizitegemee. Wachache zinawarudia kidogo, wengi hapana.

Na sisi weusi tuna habari ya makovu yanayovimba. Kama sikio lako lilipotogwa liliota kovu nene, au una bonge la kovu begani pa chanjo, mwambie daktari kabla, siyo baada. Kuna shiti za silikoni, kuna sindano za kwenye kovu, na vyote vinafanya kazi vizuri vikianza mapema.

Kwa kifua si lazima uwe unatumia testosteroni, ile homoni ya kiume. Wapo wanaofanya bila homoni kabisa.

Nakuja na kizazi na sehemu za siri baadaye, naingia zamu.

#2 Kaskazi_NBO

Asante nesi. Mimi ni mmoja wao, niko Nairobi, kifua nilishafanya. Nitaongeza tu vile hakuna mtu aliniambia: utahitaji binadamu nyumbani. Huwezi kuinua mkono kufika kabatini, huwezi kujisugua mgongo, huwezi kufungua chupa ya maji iliyokazwa. Kulala ni chali, mito miwili huku na miwili huku, na kama wewe ni wa kulala kwa tumbo utateseka. Mimi nilikuwa na kakangu mdogo. Yeye ndiye alikuwa anamwaga vile vikopo na kuandika namba kwa ukuta na penseli.

Huyo mtu lazima ajue umefanyiwa nini. Kuna rafiki yangu aliambia watu wa nyumbani ametolewa uvimbe. Sasa kila jirani anakuja kumpa pole anataka kuona kidonda. Alipona akiwa amechoka na uongo kuliko operesheni.

Matatu pia usipande mapema. Ukishika ile chuma ya juu dereva akanyage breki, mishono inaachia.

#3 MzeeBaraza

Nasoma tu. Mimi sikubaliani na mambo haya na sitojificha, Mwenyezi Mungu hakukosea alipoumba. Ila nauliza kwa adabu: hawa si ndio khuntha wanaotajwa kwenye vitabu vya fiqhi? Maana khuntha ana hukumu zake na kutibiwa kwake hakuna ubishi. Kama si khuntha, basi ni maradhi ya akili, watafutiwe matibabu ya akili.

#4 NesiWaZamu

Shikamoo mzee wangu. Karibu barazani.

Khuntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yenye alama za pande zote mbili, au yasiyoeleweka upande. Kenya wamewahesabu kwenye sensa ya 2019, walipatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto wa namna hiyo. Mwanamume trans kwa kawaida kazaliwa na maumbile ya kike ya kawaida kabisa, akasajiliwa msichana, ila yeye anajijua ni mwanamume. Ni watu wawili tofauti, na kuwachanganya kunawaumiza wote. Huyu wa kwanza mara nyingi amepasuliwa utotoni kabla hajaulizwa, huyu wa pili anaomba kupasuliwa akiwa mtu mzima na anazungushwa.

Kuhusu akili, Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii kwenye fungu la maradhi ya akili katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, ikawekwa kwenye fungu la afya ya kujamiiana. Haina maana hakuna tathmini. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa fani hii, toleo la 8 la 2022, unataka mtaalamu mmoja aandike barua kwamba mtu amepimwa, anaelewa anachofanyiwa na anaweza kuridhia. Zamani kwa sehemu za siri zilikuwa barua mbili. Kwa operesheni za kutoa ovari (viungo vya mayai ya uzazi) na za sehemu za siri wanataka uwe kwenye homoni angalau miezi 6, kama homoni ni sehemu ya matibabu yako.

Na kwa upande wa dini, mzee, Iran wanaruhusu. Khomeini, kiongozi wao wakati huo, alitoa fatwa miaka ya 1980 baada ya Maryam Molkara, mwanamke trans wa huko, kumfuata mwenyewe.

#5 MzeeBaraza

Hao ni Shia, mwanangu. Usinichanganyie madaftari. Ila kwa hilo la kutochanganya khuntha na hawa nimekuelewa. Endelea.

#6 Mama Shani

Wanangu, mimi ni mtu mzima, mtanisamehe nikiuliza kishamba. Mtoto wangu wa mwisho yuko Kanada anasoma. Mwaka juzi alituambia yeye ni wa kiume. Baba yake bado hajasema naye. Mimi nimejitahidi, namwita jina analotaka, ulimi unateleza lakini najitahidi. Sasa ananiambia anataka kutolewa kizazi. Nimelia. Si kwa ubaya, nawaza tu, atazeeka na nani? Na je, akitolewa kizazi si ndio mwili unaharibika, wanasema mtu anavimba na mifupa inaoza?

#7 NesiWaZamu

Mama Shani, shikamoo. Hujauliza kishamba hata kidogo, umeuliza yale madaktari wenyewe wanayotakiwa kumuuliza.

Kutoa kizazi ni operesheni moja, kutoa ovari ni jingine, ingawa mara nyingi zinafanywa pamoja. Siku hizi ni kwa matundu madogo tumboni, kizazi chenyewe kinatolewa kupitia chini, mgonjwa analala usiku mmoja hivi, halafu hanyanyui kitu kizito kwa wiki kama sita. Wanaume trans wanakifanya kwa sababu mbalimbali. Wengine wana maumivu ya tumbo yanayokuja na testosteroni, wengine hawataki tena kwenda kliniki ya akina mama kupimwa shingo ya kizazi na kukodolewa macho, wengine wanajiandaa kwa operesheni za baadaye.

Mifupa haiozi kwa kukosa kizazi. Inadhoofika kwa kukosa homoni. Ovari zikitolewa zote mbili, mwili hauna tena chanzo chake, kwa hiyo anategemea testosteroni ya dawa maisha yake yote. Akiwa Kanada sawa. Akija kuishi Dar na dawa ikakosekana famasi kwa miezi, hapo ndipo mifupa inapoanza kudai. Ndiyo maana mimi binafsi, kijana akiniambia ana mpango wa kurudi nyumbani, namwambia azungumze na daktari habari ya kubakiza angalau ovari moja. Ni maoni yangu, madaktari wengine watakuambia tofauti.

Kuhusu wajukuu: kabla ya operesheni anaweza kuvuna mayai yakagandishwa. Ni ghali na ni sindano nyingi, lakini lipo. Na kwa wanaosoma hapa ambao bado wana kizazi, testosteroni si uzazi wa mpango. Hedhi inakata, lakini mimba inaweza kuingia, na imewahi kuingia kwa wengi waliojiamini.

#8 Mama Shani

Ahsante mwanangu. Nitamuuliza hilo la mayai. Ovari ndio zile za pembeni eeh?

#9 NesiWaZamu

Ndizo hizo mama, moja kila upande.

Haya, sasa sehemu za siri. Watoto waondoke, wakubwa sogeeni. Nitataja viungo kwa majina yake, hatuwezi kuongea upasuaji kwa mafumbo.

Kuna barabara mbili. Ya kwanza inaitwa metoidioplasti. Testosteroni ikitumika mwaka mmoja, miwili, kisimi kinakua. Daktari anakikata kile kinachokishikilia chini, kinanyooka na kujitokeza mbele, anakizungushia ngozi ya jirani, na kinakuwa uume mdogo, sentimita 4 mpaka 8 hivi. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nyama ni ileile, mishipa ya fahamu ileile, kwa hiyo utamu uko palepale na kinasimama chenyewe bila mashine. Hasara ni urefu. Kuingiza ni shida kwa wengi, na hata kukojoa kwa kusimama, kuna ambao hakifiki nje ya zipu. Belgrade kule Serbia, timu ya Miroslav Djordjevic imejijengea jina kwa operesheni hii.

Ya pili ni faloplasti, kutengeneza uume wa ukubwa wa kawaida kwa nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili. Historia yake inanigusa, mniruhusu. Harold Gillies, daktari aliyekuwa anawatengenezea nyuso askari waliolipuliwa Vita ya Kwanza ya Dunia, alibuni namna ya kukunja ngozi ikawa bomba huku bado imeunganika na damu yake. Kati ya 1946 na 1949 alitumia ujuzi huohuo kumtengenezea uume Michael Dillon, Mwingereza aliyekuwa anasomea udaktari Dublin. Operesheni zisizopungua 13. Kwenye faili akaandika ni hitilafu ya kuzaliwa ya njia ya mkojo, wasije wakauliza zaidi. Dillon akaja kuwa daktari wa melini, na akafia India mwaka 1962 akiwa mtawa wa Kibudha.

Leo inayofanywa sana ni ya mkono, iliyotoka China mwaka 1984. Wanachukua ngozi ya ndani ya mkono usioutumia sana, kutoka kifundo kupanda juu, pamoja na mshipa wa damu na wa fahamu. Wanaikunja bomba ndani ya bomba: la ndani ni njia ya mkojo, la nje ni uume. Kisha wanaihamishia chini na kuunganisha mishipa kwa darubini. Ni saa 8 mpaka 12. Kabla ya hapo wanakubana mishipa miwili ya kifundo cha mkono na kuachia mmoja, waone kama kiganja kinarudi kuwa chekundu. Kisiporudi, mkono huo hauchukuliwi, maana ungebaki hauna damu ya kutosha. Pale mkononi pananyolewa nywele kwa umeme, mzizi mmoja mmoja, miezi kadhaa kabla. Ukiruka hatua hiyo utaota nywele ndani ya njia ya mkojo, na hizo hazifikiwi na wembe.

Usiku wa kwanza ndio kazi yangu. Kila saa nagusa ule uume mpya, unatakiwa uwe wa vuguvugu. Naubonyeza kidogo, rangi iondoke na kurudi kwa sekunde mbili. Naweka kile kipaza sauti kidogo kusikiliza damu, inasikika shwa, shwa, shwa. Sauti ikikatika au uume ukageuka bluu, napiga simu hapohapo, maana mshipa umeziba na tuna saa chache tu. Kwa weusi bluu haionekani kirahisi, kwa hiyo mimi naamini zaidi ubaridi kuliko rangi.

Wengine wanachukuliwa paja, wengine mgongo, wengine tumbo. La paja kovu lake linafichwa na nguo, ila mwenye mafuta mengi pajani atapata kitu kinene mno mpaka kikapunguzwe baadaye. La tumbo ni jepesi zaidi kufanya lakini hisia ni chache na kwa kawaida halina njia ya mkojo. La mgongo linatoa ukubwa, hisia haba.

Uume huo hausimami wenyewe. Baada ya kama mwaka, hisia zikisharudi, anayetaka anawekewa kifaa ndani, ama cha kupampu ama kifimbo cha kukunja. Vifaa hivyo vinachakaa, vinaingia vijidudu, vinabadilishwa. Korodani ni za silikoni, zinawekwa kwenye mfuko ulioshonwa kwa mashavu ya uke. Mbegu hakuna. Ninashangaa bado naulizwa, lakini naulizwa.

#10 ChaiYaRangi

Duh. Kwa hiyo nesi, mwenye hela aende faloplasti moja kwa moja? Mimi naona ya kwanza ni nusu kazi.

#11 NesiWaZamu

Hapana mdogo wangu, na hili ndilo lililonifanya niandike uzi. Kila mtu anauliza urefu na bei. Karibu hakuna anayeuliza mkojo.

Njia ya mkojo ya aliyezaliwa wa kike ni fupi, kama sentimita 4. Ili akojoe kupitia ncha ya uume, inabidi irefushwe kwa vipande: kipande cha ngozi laini ya pale chini, wakati mwingine nyama ya ndani ya shavu la mdomo, halafu lile bomba la ndani ya uume. Fundi bomba yeyote wa Kariakoo anajua bomba linavujia wapi: kwenye maungio. Ama mkojo unatoboa tundu na kuchuruzika pembeni, ile fistula tunayoijua kwa akina mama waliopata uzazi pingamizi, ama kovu linabana na njia inaziba. Kwa faloplasti yenye njia ya mkojo, tafiti nyingi zinataja kuanzia kama robo mpaka nusu ya wagonjwa wanaopata moja ya matatizo haya. Timu ya Stan Monstrey ya Ghent, Ubelgiji, mwaka 2009 ilichapisha wagonjwa 287 wa uume wa mkono. Uume mzima kufa ilikuwa nadra sana. Kilichowarudisha watu hospitali ni mkojo.

Yote hayo yanatibika. Fistula nyingine zinajifunga zenyewe. Lakini yanatibika na nani, na wapi? Huku Cape Town kwenyewe, hospitali ya umma ya Groote Schuur ina kitengo chake, na foleni yake ni ya miaka mingi. Ukifanya Bangkok au Chennai ukarudi Morogoro, tatizo likaja mwezi wa tatu, aliyekutengeneza yuko ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo ipo njia ya tatu ambayo watu hawaambiwi: metoidioplasti au faloplasti bila kurefusha njia ya mkojo. Unakojoa umechuchumaa kama ulivyozoea, umbo unalo, na umekwepa fungu kubwa la matatizo. Anayesema huyo "hajakamilika" hajawahi kubadilisha mpira wa mkojo usiku wa manane.

#12 MlimaMeru

Mimi naweza kuzungumza, nimefanya ya paja, niko Minnesota, Marekani, Mmeru wa Arusha kama jina linavyosema. Nilichagua paja kwa sababu mimi ni fundi wa kuchomelea, mikono iko wazi muda wote, sikutaka kila mteja aulize umeungua wapi.

Nilipata kubana. Ilianza mkojo unapasuka kama bomba la bustani lililozibwa kwa kidole, ukutani kila mahali, halafu ukawa uzi, halafu najikamua mpaka jasho linanitoka. Hospitali niliyopiga simu kwanza wakaniambia ninywe maji mengi. Kunywa maji wakati tundu limeziba! Mwishowe nikawekewa mpira kupitia tumboni, chini ya kitovu, nikakaa nao mpaka waliponirekebisha. Sasa niko poa, nasimama chooni kama mtu yeyote.

Hisia zilichukua miezi mingi kuja. Mwanzo ni ganzi tupu, halafu vishindo vya umeme, halafu siku moja nikahisi baridi ya meza. Nisingeacha kufanya. Ila ningeambiwa haya mapema ningetafuta kwanza daktari wa mkojo wa karibu, ndipo nitafute wa upasuaji wa plastiki wa mbali.

#13 DaktariWaMkojo_Dar

Nimetumiwa uzi huu na mwenzangu. Mimi ni daktari bingwa wa mkojo, sitataja hospitali. Naongeza jambo moja ambalo linaweza kuokoa mtu.

Mwenye njia ya mkojo ya kutengenezwa akishindwa kabisa kukojoa, akafika zahanati yoyote, wauguzi wetu kwa nia njema watachukua mpira wa kawaida na kusukuma. USIRUHUSU KUSUKUMWA. Njia ile ina kona na maungio, mpira ukilazimishwa unatoboa ukuta na kutengeneza njia ya uongo, na hapo operesheni ya kurekebisha inakuwa ngumu maradufu. Njia salama pakiziba ni mpira wa tumboni, jambo ambalo hospitali yoyote ya mkoa yenye daktari wa upasuaji inaliweza. Tembea na karatasi, iliyoandikwa na aliyekupasua, inayoeleza njia imepita wapi na imetengenezwa kwa nyama gani. Siyo picha za kabla na baada. Ripoti ya operesheni.

Na nawaambia madaktari wenzangu wanaosoma kimya kimya: mgonjwa aliyeziba mkojo ni mgonjwa aliyeziba mkojo. Maoni yako kuhusu maisha yake yasubiri nje ya mlango. Nimeona mtu amekaa na kibofu kimejaa mpaka kitovuni kwa sababu chumba kizima kilikuwa kinaitana kuja kuangalia.

#14 MzeeBaraza

Hilo la mwisho, daktari, nakuunga mkono. Mgonjwa hachekwi. Lakini swali langu lingine, je, hawajuti? Tunasikia mitandaoni wengi wanataka kurudi.

#15 NesiWaZamu

Wapo mzee, sitawakana. Mapitio ya mwaka 2021 yaliyokusanya tafiti 27 na wagonjwa 7,928 yalipata wanaojutia ni karibu asilimia 1. Ila na mimi nitakuwa muungwana nikuambie udhaifu wake: tafiti nyingi kati ya hizo hazikuwafuatilia watu kwa muda mrefu vya kutosha, na wengine wanapotea kwenye hesabu. Ninachokiona wodini ni kwamba manung'uniko mengi hayahusu jinsia, yanahusu kazi iliyofanywa vibaya. Kovu baya, chuchu moja juu na nyingine chini, fistula isiyofunga.

#16 ChaiYaRangi

Nimewaelewa. Sasa swali la mwisho, halafu niwaache. Mimi niko Mombasa, mpango wangu ni kifua tu, nje ya nchi. Nikipata nafasi nirudi siku ngapi baada ya operesheni? Ndege si tatizo?

#17 NesiWaZamu

Kwa kifua usipande ndege na mirija. Subiri itolewe, bendeji ifunguliwe, daktari azione chuchu kwa macho yake, kawaida ni kama wiki moja mpaka mbili. Kwa faloplasti ni habari nyingine, panga kukaa mji ule mwezi na zaidi. Kwenye ndege damu kuganda miguuni ni hatari ya kweli baada ya upasuaji, kwa hiyo kaa kiti cha njiani, inuka utembee, kunywa maji, na uliza kama unahitaji sindano ya kuzuia kuganda. Begi lako abebe mtu mwingine. Hata lile dogo.

Na usilipe chochote kabla hujajua jina la daktari atakayekuona ukirudi Mombasa. Mtafute, kaa naye, mwambie unachokwenda kufanya. Akikukunjia uso, bora umejua sasa.

#18 ChaiYaRangi

Sawa nesi. Na sigara, nasikia hairuhusiwi, mimi sivuti. Shisha ya wikendi tu, si itakuwa haina shida?

#19 NesiWaZamu

Ina shida. Shisha, sigara, kuberi, ugoro, ile ya kuchaji yenye ladha ya embe, vyote vina nikotini na vyote vinabana mishipa midogo, na chuchu iliyopandikizwa haina kitu kingine cha kuishi nacho zaidi ya mishipa hiyo midogo. Acha angalau wiki sita kabla na sita baada. Madaktari wengi wanapima mkojo asubuhi ya operesheni, na ikionekana unarudishwa nyumbani na tiketi yako ya ndege imeungua.

#20 Kaskazi_NBO

Ni kweli. Niliyelala naye wodi moja walimrudisha, ameshavaa mpaka ile gauni ya hospitali.